Mlinzi wa Getini: Prodyuza wa Newala na Mvutano wa Nani Ashike Kamera

Kisa hiki kilitokea Mtwara, kati ya Mikindani na Newala, kundi la watengeneza filamu kutoka Dar es Salaam lilipokuja kushuti filamu ya saa moja na nusu. Majina ya watu, ya kampuni na ya filamu yenyewe nimeyaacha, ndivyo tulivyokubaliana. Mimi nilishughulikia lokesheni na vibali, hivyo mengi niliyaona, na mengine niliyasikia kwa pande zote mbili hasira zilipokwisha poa.

Ugomvi ulianza na mlinzi wa getini. Katika skripti ya kwanza alikuwa na sini nne na hakuwa na jina; kila mtu anamwita "we Mmakonde". Sini ya kwanza anabanika panya nyuma ya kibanda chake. Ya pili anapokea mgeni kwa Kiswahili cha "nchele" na "ntu", watu wacheke. Ya tatu anatupiwa noti, anakata kiuno cha sindimba palepale getini. Ya nne amelala lindoni na wezi wanapita. Mtazamaji wa miaka mingi wa Bongo Movie hahitaji kutambulishwa kwa mlinzi huyu. Ameshalinda majumba mengi ya Masaki na Mbezi Beach, na kila mara ametoka kusini.

Prodyuza ni mwanamke wa Newala. Alikwenda Dar akiwa msichana, akafikia kwa mama yake mdogo, akaingia Kariakoo enzi zile filamu zinauzwa kwa diski na kava ndiyo kila kitu: ukiwa na sura mbili za mastaa, msambazaji anakupokea, huna, unaambiwa urudi wiki ijayo. Alianza kwa kubeba mabegi ya nguo za waigizaji, akawa msimamizi wa mavazi, halafu meneja wa uzalishaji kwenye kazi za wenzake. Alikuwa tayari kwenye kazi hii staa wa Bongo Movie, Steven Kanumba, alipofariki Aprili 2012, na alikuwepo soko la diski lilipoyumba na filamu zikahamia kwenye chaneli za kulipia na YouTube. Katika miaka hiyo alijipatia sifa ya ubishi, ingawa hana kelele. Huchagua jambo moja ndani ya kila kazi, na hapo halegezi. Kuna kazi aliyohakikisha karani wa benki anachezwa na mwigizaji mwenye ualbino, na hadithi haigusi ngozi yake hata mara moja. Hakuna mganga, hakuna wa kumwonea huruma. Karani anahesabu pesa na kuwaringia wateja kama makarani wengine. Wakati ule mwenye ualbino akitokea kwenye skrini, mara nyingi alikuwa anakimbia mapanga.

Hii ya Mtwara ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya kazi nyumbani, na mara ya kwanza jina lake kutangulia kama prodyuza.

Kikao kilifanyika kwenye gesti moja Mtwara mjini. Mwenye fedha ni mfanyabiashara wa Dar, si mtu mbaya, na nalisema hili mapema kwa sababu masimulizi ya namna hii hupenda kutafuta mbaya wao. Prodyuza alisema mlinzi ama apewe jina na kazi ya maana katika hadithi, ama atolewe. Mwenye fedha hakubisha. Tena kwa ukarimu akasema mlinzi achezwe na Mmakonde halisi wa hapahapa, na ekstra wote watoke Mtwara. Si watu wako watakuwa wameonekana, dada? Kwa hesabu yake shauri lilikuwa limekwisha.

Prodyuza akatoa karatasi ya pili. Ilikuwa orodha ya wakuu wa idara: mwandishi, mwongozaji, kamera, sauti, mavazi, uhariri. Sita, wote wa Dar, watano wanaume. Alitaka kamera, sauti na mavazi zije kwa watu wa kusini, na mwandishi apewe msaidizi wa hapa mwenye haki ya kufuta mstari. Sauti zikapanda. Kijana mmoja wa Mtwara aliyekaa pembeni akasema gesi imekwenda Dar kwa bomba, sasa na hadithi nazo ziende kwa basi? Waliokuwepo mwaka 2013, wakati wa vurugu za bomba la gesi, walicheka kicheko kifupi. Wageni hawakucheka. Mwenye fedha alijibu kwa ufupi: waigizaji nimekupa, kamera niachie.

Jibu hilo lina ndugu yake Marekani, na ndugu huyo anasaidia kukielewa kisa chetu. Septemba 2015 HBO, chaneli ya kulipia ya Marekani, ilianza kuonyesha msimu wa nne wa Project Greenlight, kipindi kinachomchagua mwongozaji chipukizi, kinampa fedha za kutengeneza filamu, na kamera zinafuatilia kazi yote. Mezani walikuwepo waigizaji maarufu Matt Damon na Ben Affleck pamoja na watu wengine wa filamu, karibu wote weupe. Alikuwepo pia Effie Brown, prodyuza mweusi, mtu ambaye tayari alikuwa miongoni mwa wazalishaji wa Real Women Have Curves ya 2002 na Dear White People ya 2014. Katika skripti iliyokuwa inajadiliwa, mhusika mweusi alikuwa mmoja tu, kahaba, na anapigwa na mwanamume mweupe anayemuuza. Brown aliomba wenzake wafikirie vizuri nani ataongoza hadithi ya namna hiyo, akiitaja jozi moja ya waombaji iliyokuwa na mwanamke. Damon akamkatiza. Maana ya aliyoyasema ni kwamba utofauti hutafutwa katika kuchagua waigizaji wa filamu, si katika kuchagua watu wa kipindi, yaani watengenezaji. Brown alibaki ameduwaa mbele ya kamera. Kipande kile kilisambaa, Damon akaomba radhi, na nafasi yenyewe ilikwenda kwa mwanamume mweupe, Jason Mann.

Ukimsikiliza Damon bila hasira, utaona hakuwa anakataa watu weusi waonekane. Alikuwa anataja mahali ambapo anaona ni sawa waonekane. Mwenye fedha wetu ni hivyohivyo. Na mahali hapo, yaani mbele ya kamera, ndipo panapogharimu kidogo kuliko pote. Mwigizaji wa nafasi ndogo hulipwa kwa siku, husema aliyoandikiwa, husimama alipoambiwa, akimaliza hurudi nyumbani. Hawezi kufuta sini ya panya. Anaweza kuikataa tu, na akiikataa wapo wengine kumi nje.

Mwezi Januari mwaka uleule wa 2015, mwanaharakati April Reign alianzisha mtandaoni alama ya #OscarsSoWhite (yaani Oscar ni za weupe mno) baada ya wote 20 walioteuliwa katika tuzo za uigizaji za Oscar kuwa weupe. Mwaka 2016 ikawa vilevile. Akademi inayotoa tuzo hizo ilitangaza vigezo vyake vya ujumuishi Septemba 2020, vikaanza kuwa sharti kwa tuzo za 2024: filamu inayotaka kuwania Picha Bora itimize angalau maeneo mawili kati ya manne. Eneo moja ni la kinachoonekana kwenye skrini. Matatu mengine ni ya viongozi wa kazi na timu yao, ya mafunzo na nafasi za kulipwa kwa wanaoanza, na ya watu wanaoshughulikia masoko na utangazaji wa filamu. Vigezo vimekosolewa, wengine wakisema ni vyepesi mno, lakini huo mgawanyo wa moja kwa matatu ulikuwa ndani ya begi la prodyuza wetu. Alikuwa ameuchapisha.

Turudi Mtwara. Mwandishi wa skripti alijitetea kwa neno ambalo Mtanzania yeyote angelishika: utani. Kweli tunataniana, na sisi wa kusini tunatania kuliko tunavyotaniwa. "Samaki nchanga" ni jina la panya ambalo watu wa huku wenyewe hulisema wakicheka. Lakini mtani hujibiwa papo hapo, akizidisha hudaiwa faini, na kwenye msiba anakuja kukutumikia. Mlinzi wa kwenye filamu hana pa kujibia. Nadhani hoja ya utani ni dhaifu, ila niliona aliyeitoa aliiamini.

Mambo yaliyofuata ndiyo yanayonifanya nikiandike kisa hiki. Mwenye fedha alikubali msaidizi wa mwandishi, kwa kuwa gharama yake ilikuwa ndogo. Akapatikana mwalimu wa shule ya msingi kutoka Newala, mpenzi wa tamthilia za redio. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kijana anayerudi kutoka Dar kuuza shamba la korosho la familia. Baba amekaa kitini, anatoa ruhusa, vita vinaanza kati ya ndugu. Mwalimu alisoma kurasa zote, akauliza swali moja: mjomba yuko wapi?

Kwa Wamakonde, kama kwa Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na kaka wa mama alikuwa na kauli nzito juu ya watoto wa dada zake na mali ya ukoo. Siku hizi mambo yamechanganyika. Wengine wanafuata mirathi ya Kiislamu, wengine wanakwenda mahakamani, na shamba alilolipanda baba kwa mkono wake ni shauri jingine kabisa. Hata hivyo shamba la ukoo likiuzwa bila mjomba kuambiwa, Newala nzima itajua kabla ya jioni. Skripti ya Dar haikuwa na mjomba kabisa. Haikuwa dharau, aliyeiandika hakujua kwamba kuna kiti kitupu.

Mwalimu na mwandishi wakakaa siku kadhaa, mwanzo kwa kununiana. Walichotoka nacho sikukitegemea: mlinzi wa getini ndiye mjomba. Yule anayeitwa "we Mmakonde" kwenye geti la Masaki ndiye mtu ambaye bila yeye shamba haliuzwi. Sini zake nne zikawa uti wa filamu. Panya hakutolewa. Alihamishwa kutoka nyuma ya kibanda akaenda nyumbani, kwenye mlo wa jioni wa familia, amekaushwa vizuri, watoto wanagombea, na hakuna mhusika anayelisemea jambo hilo. Kitendo ni kilekile, macho yanayokitazama ndiyo yamebadilika. Ekstra wote wa Mtwara wangejazwa ndani ya skripti ya kwanza, na bado kiti cha mjomba kingebaki kitupu.

Upinzani mkali kuliko wote haukutoka kwa mwenye fedha. Ulitoka kwa mchekeshaji mzee aliyepewa nafasi ya mlinzi, Mmakonde mwenyewe, aliyekaa Dar miaka akicheza walinzi waliopinda ulimi. Alipoletewa skripti mpya alimwita prodyuza pembeni. "Mwanangu, hiki unachokifuta ndicho kilichonisomeshea watoto." Prodyuza akamjibu, "Shikamoo tena, mjomba," wakacheka wote wawili, lakini mzee hakuwa anatania. Watu wanamnunua kwa kile kichekesho. Akikiacha kwa filamu moja, nani atampa kazi inayofuata? Sijui kama waliopigania jambo hili huko kwingine huwa wanawauliza watu kama yeye. Hatimaye mzee ndiye aliyependekeza njia: akiwa Dar mlinzi aseme Kiswahili kilichonyooka, cha kuchunga kila neno, kama mtu anayejua anachekwa, akifika Newala afungue mdomo kwa Kimakonde, na maandishi yatokee chini. Kicheko alikihamishia kwenye Kimakonde. Wanaokielewa hucheka kabla maandishi hayajafika.

Katika wakuu wa idara, mwenye fedha aliachia sauti na mavazi. Kamera alikataa katakata. Nami nampa haki yake: vifaa vilikodiwa Dar, kilomita 560 hivi kutoka Mtwara, na kamera ikiharibika Newala fundi hayupo. Kwa upande mwingine, wawili wa hapa walilala kwao, gharama za gesti zikapungua, na mama wa mavazi alipata kanga na vitenge vya kuazima kwa majirani, vilivyochakaa inavyotakiwa, pasipo kununua hata doti moja.

Sauti ilitupa siku mbaya. Kijana aliyepewa alikuwa amezoea kurekodi harusi na ngoma. Tulishuti Mikindani mwezi wa Septemba, ufukweni, kusi bado linavuma, na jioni tulipovaa hedifoni tukasikia upepo tupu, maneno yamefichwa chini yake. Simu kutoka Dar ikaja usiku huohuo, na unajua ilisema nini. Maiki ilikuwa imekuja bila kifuniko chake cha manyoya, kiliachwa walikokodi. Kijana akakata pindo la blanketi la manyoya, akashona mfuko kwa mkono, akauvika maiki kwa mpira wa kufungia noti, na siku ya pili tukapata mazungumzo safi. Watu wanapenda kumalizia hapo kwa makofi. Mimi naongeza kwamba mtu wa sauti mwenye uzoefu angefungua sanduku lile kabla halijapanda basi. Ukimleta mtu ambaye hajawahi kupewa nafasi, siku kama ile ni sehemu ya gharama, nayo iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Haikuandikwa.

Ratiba nayo ilikuwa na mjadala wake, nitaupitia haraka. Dar walitaka Novemba. Mwalimu akawaambia Novemba ni minada ya korosho, huwezi kumpata ekstra wala gari. Wakahamia Septemba.

Sini ya mwisho ilikuwa ya vijana kutoka jandoni, na lipiko linacheza. Ambaye hajaliona: ni kinyago cha mti kinachovaliwa kichwani kama kofia, mwili wote umefunikwa nguo, njuga zinalia. Kwa mila, aliyevaa hatajwi. Kwa wanawake na kwa ambao hawajapita jandoni, lile ni lipiko, si fulani mwana wa fulani. Wazee waliruhusu ngoma ishutiwe uwanjani, ambako kila mtu hutazama. Mwongozaji akataka zaidi, akataka mahali linapovalishwa. Wazee wakakataa kamera. Kisha wakamgeukia prodyuza, kwa upole, wakamwambia yeye ni mtoto wao na anajua kwamba hapo hafiki.

Mwongozaji alitoa wazo: tununue kinyago, tutengeneze sini ya kuvaa chini ya miembe mingine, nani atajua? Prodyuza alikataa. Msichana msaidizi wa kamera, wa Dar, akamuuliza mbele yetu: "Dada, wewe ndiye unayetupigania tuingie kila mahali, leo unatuambia tukae nje?" Prodyuza alinyamaza kidogo, kisha akasema ukimpa mtu haki ya kusema ndiyo, umempa na ya kusema hapana. Ni jibu zuri. Halikummaliza kiu yule msichana, wala mimi sidhani linamaliza suala, maana mila nyingi zinazofunga milango huwa zinafungia wanawake. Kwenye jambo hili namuunga mkono prodyuza kwa sababu moja nyembamba: kile kilikuwa kitu cha wazee, na kudanganya kwa kinyago cha kununua kungekuwa wizi.

Njia iliyopatikana ilikuwa bora kuliko alichotaka mwongozaji. Kamera ilibaki uani na wanawake. Kijana wa sauti, aliyepita jandoni, akaruhusiwa kukaribia na maiki yake ya blanketi. Kwenye filamu unawaona kina mama wanatwanga, unasikia njuga na ngoma kutoka vichakani, na mmoja anamtazama mwenzake, wanabana kicheko. Wanajua aliyevaa ni nani. Wanawake wa huku siku zote wamejua, na kutosema ndiyo kazi yao katika ngoma ile.

Kama natathmini kazi nzima kwa vigezo alivyovileta mwenyewe, prodyuza alifanikiwa kwenye skripti, nusu kwenye idara, na alishindwa mara mbili. Kwanza, mafunzo. Vijana wawili wa Mtwara walifuata kamera kwa kujifunza, bila malipo, na mmoja aliacha kwa sababu nauli ya kila siku ilimshinda. Aliyebaki ni yule ambaye kwao wana duka. Kujifunza bila kulipwa huwachagua wenye nacho, na hilo Marekani walilitambua kiasi cha kuliandika malipo ndani ya sharti.

Pili, tangazo. Filamu ilinunuliwa na chaneli moja. Tangazo lao la nusu dakika lilimwonyesha mzee wetu anakula panya, muziki wa kuchekesha umewekwa juu. Mjomba, shamba, Kimakonde, vyote havimo. Prodyuza alikuwa ameorodhesha wakuu sita wa idara na hakukumbuka kwamba kuna wa saba, anayekata tangazo, naye hakuwa kwenye karatasi yake wala kwenye mkataba. Mzee alipoliona alisema nilikwambia, akaongeza kwamba simu za kazi zimeanza kuingia.

Machi 2018, mwigizaji Frances McDormand alipopokea Oscar, alimalizia hotuba yake kwa kutaja kifungu cha ujumuishi, wazo la mtafiti Stacy Smith: staa anayetakiwa sana anadai kwenye mkataba wake kwamba timu iwe na watu mchanganyiko, la sivyo hasaini. Linafanya kazi kwa mwenye nguvu ya kuondoka mezani. Prodyuza wetu hakuwa nayo mara ya kwanza. Effie Brown naye hakuwa nayo mwaka 2015 mbele ya Damon. Mwaka 2020 alikuwa mkuu wa Gamechanger Films, kampuni iliyoanzishwa 2013 kugharimia filamu zinazoongozwa na wanawake, naye akaipanua iwafikie watu wa rangi na watu wenye ulemavu. Safari hiyo alikuwa ndiye anayeandika hundi.

Filamu ya pili ya prodyuza wa Newala inaandaliwa, itashutiwa Lindi. Mwenye fedha ni yuleyule; ya kwanza ilimrudishia fedha zake na mwalimu ameshalipwa malipo ya awali kama mwandishi kamili. Rasimu ya mkataba ina kifungu cha tangazo, kwamba halirushwi kabla prodyuza hajaliona, na ina posho ya wanaojifunza. Mwenye fedha ametia saini ya awali kwenye vyote viwili. Kamera bado wanabishania.